Kishikwambi Kitoke Stoo: Jinsi Mwalimu wa Shule ya Msingi Anavyojifunza Kufundisha kwa Tehama

Katika shule nyingi za msingi za umma nchini kuna chumba kimoja chenye mlango wa chuma, dirisha la nondo na kufuli kubwa kuliko ile ya ofisi ya mwalimu mkuu. Humo ndimo vinamohifadhiwa vishikwambi vya serikali. Watoto hupita mbele ya mlango huo kila asubuhi wakielekea gwarideni, na wapo wanaomaliza Gredi ya 6 wakiwa wamevigusa mara chache sana, au hawajavigusa kabisa.

Vifaa hivyo vilinunuliwa kwa fedha za umma. Mkazi anayelipa ushuru ana haki ya kuuliza swali moja: je, vinamsaidia mtoto kuelewa zaidi kuliko alivyoelewa kwa chaki na ubao? Somo la toleo hili linajibu swali hilo kwa kumwangalia mtu ambaye bila yeye hakuna kifaa kinachofundisha, yaani mwalimu. Limeandaliwa kwa walimu, wazazi, wanachama wa bodi za shule na kila mwenye mtoto darasani. Mwishoni mna maswali ya kujadiliwa katika mkutano wa wazazi.

VIFAA VILIVYOFIKA SHULENI

Mwaka 2013 serikali ya kitaifa iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Zabuni ya awali ilikwama kwa sababu za kisheria, na mpango ukabuniwa upya. Badala ya vipakatalishi, watoto wangetumia vishikwambi. Majaribio yalifanywa mwaka 2016 katika shule 150, kisha usambazaji ukaenea kote nchini. Kazi ya kuunda na kusambaza vifaa ilipewa makundi mawili: Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na kampuni ya JP SA Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kikishirikiana na Positivo BGH. Kufikia mwisho wa muongo huo, vifaa zaidi ya milioni 1 vilikuwa vimefika katika shule zaidi ya 20,000.

Shule ilipokea vishikwambi vya wanafunzi, vifaa viwili vya walimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhi masomo ambacho pia husambaza mawimbi ya mtandao wa ndani darasani. Kisanduku hicho ni muhimu kwa sababu humwezesha mwanafunzi kufungua somo lililohifadhiwa humo hata pale ambapo intaneti haijafika.

Januari 2019 ulianza mtaala wa umilisi katika madarasa ya chini. Mtaala huo una umilisi wa kimsingi saba, na mmojawapo ni ujuzi wa kidijitali. Maana yake ni kwamba mtoto hatakiwi kungoja somo maalumu la kompyuta. Anapaswa kukutana na teknolojia akiwa katika Kiswahili, Hisabati, Kilimo na masomo mengine. Mzigo huo basi haumwangukii mwalimu mmoja wa kompyuta. Unamwangukia kila mwalimu wa shule ya msingi, hata yule aliyehitimu chuo cha ualimu kabla simu ya mkononi haijafika kijijini kwao.

NANI ANAWAJIBIKA?

Wakazi wengi hufika katika ofisi za kaunti kulalamikia vishikwambi vya shule ya msingi, na huondoka wakihisi wamezungushwa. Ni vyema mipaka ieleweke.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Elimu ya msingi kuanzia Gredi ya 1 ni jukumu la serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Elimu. Walimu wake huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, na masomo ya kidijitali huidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Shule yenyewe husimamiwa na bodi ya usimamizi kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013.

Kwa hivyo swali kuhusu umeme katika darasa la PP1 lipelekwe kwa kaunti. Swali kuhusu kishikwambi cha Gredi ya 2 kilichovunjika lianzie kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Hata hivyo, mtoto ni yule yule. Anayetoka PP2 akiwa amezoea kusikiliza hadithi iliyorekodiwa na kuisimulia upya ataingia Gredi ya 1 akiwa na hatua moja mbele.

FUNZO KUTOKA KISUMU

Je, ukimpa kila mtoto kifaa, atasoma vizuri zaidi? Kenya ina jibu lake yenyewe, na halikutoka mbali.

Watafiti walilinganisha njia tatu katika shule za msingi za Kaunti ya Kisumu, chini ya mradi wa kusoma wa madarasa ya chini uliojulikana kama PRIMR. Katika kundi la kwanza, vishikwambi walipewa maafisa wa elimu wanaowatembelea walimu madarasani. Katika kundi la pili walipewa walimu. Katika kundi la tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Makundi yote yalikuwa na vitabu, miongozo na mafunzo ya mradi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa makundi hayo walisoma vizuri kuliko wenzao ambao shule zao hazikuwa katika mradi. Lakini kifaa mkononi mwa kila mtoto, ambayo ndiyo njia ya gharama kubwa, hakikuwafikisha mbali kuliko njia zile nyingine. Ukilinganisha shilingi iliyotumika na maendeleo ya mtoto, njia iliyofaa zaidi ilikuwa ile ya kumpa kishikwambi afisa anayemsaidia mwalimu.

Sababu yake inaeleweka. Afisa aliketi nyuma ya darasa, akajaza kwenye kishikwambi alichokiona katika kipindi, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akaketi na mwalimu kumwonyesha palipokwenda vizuri na pa kurekebisha. Mwalimu alipata mtu wa kumsikiliza na kumrudia. Mpango wa kitaifa wa Tusome ulipoanza mwaka 2015, uliichukua njia hiyo na kuwapa vishikwambi maafisa wa kusaidia mtaala kote nchini.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilisisitiza jambo linalokaribiana na hilo: teknolojia itumike pale inapomfaa mwanafunzi, na isichukue nafasi ya mwalimu. Kwa lugha ya nyumbani, jembe halilimi lenyewe. Fedha zikitumika kununua kifaa na zisitumike kumfunza na kumfuatilia mwalimu, nusu ya kazi imebaki stoo.

KWA NINI MWALIMU HUSITA

Ni rahisi kusema walimu ni wavivu wa teknolojia. Ukweli ni kwamba mwalimu huyo huyo hutuma pesa kwa simu, husoma ujumbe wa wazazi kwenye WhatsApp na huingiza alama za wanafunzi mtandaoni. Kinachomzuia darasani ni vitu vingine.

Kwanza ni hofu ya aibu. Kishikwambi kikikwama mbele ya watoto 48, na mtoto mmoja akanyanyua mkono kusema, "Mwalimu, bonyeza hapo," mwalimu huona heshima yake imeshuka.

Pili ni hofu ya hasara. Mwalimu akiambiwa kwamba kifaa kikianguka atakilipa, atakifungia. Hakuna atakayemlaumu kwa kifaa kizima kilichokaa kabatini miaka mitatu.

Tatu ni muda. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Dakika 12 zikipotea katika kugawa vifaa na kutafuta somo, kipindi kimekwisha.

Nne ni mafunzo ya mara moja. Semina ya siku mbili ukumbini, mwalimu akiwa hana kifaa mkononi, husahaulika kabla ya muhula kwisha.

Hofu hizi zote zina dawa, na nyingi hazihitaji bajeti kubwa.

HATUA SITA ZA KUJIFUNZA

1. Anza na somo, halafu kifaa. Mwalimu ajiulize: watoto wangu wanakwama wapi? Kisha: je, kifaa hiki kinafanya jambo ambalo chaki haliwezi? Ikiwa jibu ni hapana, atumie chaki bila kuona haya. Kuonyesha kwenye skrini maneno yale yale yaliyo ubaoni ni kupoteza umeme.

2. Jifunze jambo moja kwa wakati. Muhula mmoja unatosha kwa mwalimu kumudu mambo matatu: kurekodi sauti, kupiga picha na kufungua somo lililohifadhiwa. Akiyamudu hayo bila kutetemeka, ataongeza la nne mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Fanya mazoezi bila watoto. Mwalimu abaki na kifaa nusu saa baada ya masomo, akifungue na kukifunga, akosee, arudie. Aibu ya kukosea peke yake ni ndogo, tena haimpotezei mtoto kipindi.

4. Tafuta mwenzako. Walimu wawili wa gredi jirani wanaweza kutembeleana. Mmoja afundishe, mwingine aketi nyuma aandike mambo mawili yaliyofaa na moja la kubadilisha. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya afisa katika shule za Kisumu, na walimu wa shule moja wanaweza kuifanya wenyewe.

5. Andaa njia ya pili. Umeme hupotea na betri huisha. Maandalio ya somo yawe na mstari mmoja unaosema: "Kifaa kikigoma, nitafanya hivi." Mwalimu mwenye njia ya pili haogopi njia ya kwanza.

6. Andika kilichotokea. Daftari dogo linatosha: tarehe, somo, kifaa, nani alifaidika, nani aliachwa nyuma. Baada ya miezi miwili, daftari hilo litamfunza mwalimu mengi kuhusu darasa lake ambayo semina ya ukumbini haiwezi kumwambia.

MFANO WA KIPINDI KIMOJA

Tuchukue mfano wa darasa la Gredi ya 3 lenye wanafunzi 48 na vishikwambi 6 vinavyofanya kazi. Somo ni Kiswahili, na lengo ni kusoma kwa ufasaha aya fupi iliyo katika kitabu cha mwanafunzi. Shida ya darasa hilo inajulikana: watoto husoma kwa kukatakata maneno, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja ndani ya dakika 30.

Mwalimu anawagawa watoto katika makundi matatu ya watoto 16.

Dakika 5 za mwanzo: Mwalimu anasoma aya kwa sauti, watoto wakifuata kwa kidole. Anaeleza maneno mawili magumu na kutaja kazi ya kila kundi.

Dakika 21 zinazofuata: Makundi yanazunguka katika vituo vitatu, dakika 7 kila kituo. Kituo cha kwanza kina vitabu, na watoto wanasomeana wawili wawili. Kituo cha pili kina mwalimu mwenyewe, akiwasaidia kwa maneno yanayowakwaza. Kituo cha tatu kina vishikwambi. Vinne vinatumiwa na watoto watatu watatu, na viwili vinatumiwa na watoto wawili wawili. Mtoto mmoja anasoma sentensi tatu, mwenzake anarekodi, kisha wanasikiliza pamoja na kubadilishana.

Dakika 4 za mwisho: Watoto wanarudi pamoja. Mwalimu anauliza, "Nani alijisikia akikosea, kisha akarekebisha?" Watoto wawili wanasimama na kusoma upya.

Hapa kishikwambi kimefanya jambo ambalo chaki haliwezi: kimempa mtoto nafasi ya kujisikia. Mtoto anayesoma "ka-li-ja-li-bu" huenda asijue kwamba amekosea mpaka asikie sauti yake mwenyewe. Akishaisikia, mara nyingi hujirekebisha kabla hajaambiwa. Kazi hiyo haikuhitaji intaneti, wala programu ya kununua, wala mtaalamu kutoka mjini.

Jioni mwalimu anasikiliza rekodi tatu au nne tu, za watoto anaowatilia shaka, na kuandika majina yao katika daftari. Kipindi kijacho anaanza nao. Rekodi ambazo hazihitajiki tena anazifuta.

Mara ya kwanza kipindi hiki kitakuwa na kelele na muda hautatosha. Mwalimu asivunjike moyo. Kwa siku chache afanye zoezi la kuchukua na kurudisha vifaa tu, kama watoto wanavyofunzwa kupanga foleni ya uji. Kila kundi liwe na msaidizi wa vifaa, na kazi hiyo ipokezanwe kila wiki kati ya wasichana na wavulana. Bila utaratibu huo, mikono yenye nguvu hukishika kishikwambi na mtoto mpole hubaki mtazamaji.

Yule mtoto aliyesema "Mwalimu, bonyeza hapo" pia ana nafasi yake. Mwalimu akimjibu, "Asante, njoo utuonyeshe," heshima yake haishuki. Darasa zima limejifunza kwamba mtu mzima naye hujifunza.

SHULE YENYE KIFAA KIMOJA

Si kila shule ina vishikwambi sita vizima. Zipo ambazo zimebaki na simu ya mwalimu tu. Kanuni hapa ni moja: kifaa kikiwa kimoja, tumia sauti zaidi kuliko picha. Watoto 48 hawawezi kuona skrini ya simu, lakini wote wanaweza kusikia hadithi kupitia spika ndogo.

Njia hii si ngeni nchini. Katika miaka ya 1980, Kenya ilifanya mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kuanzia darasa la 1 hadi la 3. Sauti redioni iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, na darasa zima likajibu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, redio na runinga zilirudi tena kubeba masomo hadi nyumbani. Mwalimu mwenye simu moja anaweza kufuata mtindo huo: arekodi hadithi nyumbani kwa sauti yake au ya bibi anayejua kusimulia, aache nafasi za kujibu, kisha aicheze darasani.

Picha nazo zina kazi yake. Gredi ya 4 wanaopanda sukuma wiki katika somo la Kilimo wanaweza kuupiga picha mche mmoja kila baada ya siku tatu, kutoka mahali pale pale. Baada ya wiki tatu watazipanga picha hizo na kueleza kilichobadilika. Makundi madogo yataiangalia simu kwa zamu huku wengine wakipima urefu wa mche kwa rula na kuandika tarakimu. Rula na simu zinasaidiana.

Mwalimu anayetafuta masomo yaliyoidhinishwa aanzie katika jukwaa la mtandaoni la KICD linaloitwa Kenya Education Cloud. Apakue anachohitaji akiwa penye mtandao mzuri, kisha akitumie shuleni bila intaneti.

UTUNZAJI WA VIFAA

Kifaa huharibika kwa kutumiwa vibaya, na pia kwa kutotumiwa. Betri ya kishikwambi iliyoachwa miezi mingi bila chaji kabisa huchoka, na huenda isiwake tena. Vifaa vinavyohifadhiwa wakati wa likizo ndefu viachwe na chaji ya karibu nusu, mahali pakavu pasipo na joto kali, na vikaguliwe mara moja kwa mwezi.

Shule iwe na daftari la kutoa na kurudisha vifaa. Bodi ya shule ikae na walimu na kuandika kanuni: ajali ya kawaida ya darasani ni jambo moja, uzembe na wizi ni jambo jingine. Mwalimu akijua kwamba hatatozwa kwa ajali ya kweli, ataifungua kufuli.

ULINZI WA MTOTO

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Picha, sauti na jina la mtoto ni taarifa zake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Kwa hivyo rekodi za kusoma zibaki katika kifaa cha shule na zifutwe kazi ikiisha. Video ya mtoto anayekwama kusoma isitumwe kamwe katika kundi la WhatsApp, hata kwa nia ya kumhimiza. Mzazi aelezwe mapema kinachofanywa na kwa nini, kisha atie sahihi.

Kwa watoto wa chekechea tahadhari ni kubwa zaidi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, na kadiri muda unavyopungua ndivyo bora. Mtoto wa PP1 anahitaji mchanga, vizibo vya chupa, nyimbo na kukimbia. Teknolojia bora kwake ni ile inayomsaidia mwalimu wake: hadithi ya kusikiliza, wimbo wa kuimba, au picha ya mnyama ambaye hajawahi kumwona.

MZAZI NA MKAZI WAFANYE NINI?

Mzazi haitaji kujua kompyuta ili kusaidia. Amuulize mtoto mara moja kwa wiki, "Mlitumia kishikwambi kufanya nini?" Jibu likiwa "Tulicheza" au "Hatujawahi," hilo ni jambo la kuuliza kwa upole katika mkutano wa wazazi. Kuuliza si ujinga, wala si kumshtaki mwalimu.

Wenye ujuzi kijijini wana nafasi. Kijana aliyesomea kompyuta katika chuo cha ufundi anaweza kuzungumza na mwalimu mkuu na kujitolea alasiri moja kwa mwezi kukagua vifaa na kufanya mazoezi na walimu baada ya masomo.

Kwa upande wa chekechea, mkazi ana mlango wa kisheria. Kila kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa mwaka unaowasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi hualikwa kutoa maoni. Anayetaka madarasa ya PP1 na PP2 ya wadi yake yapate umeme, au walimu wa chekechea wapate mafunzo ya kutumia tehama, aseme katika vikao hivyo na maoni yake yaandikwe. Malalamiko yanayotolewa sokoni hayaingii katika bajeti.

MASWALI YA KUJADILI

1. Shule yetu ina vifaa vingapi vinavyofanya kazi leo, na vilitumika mara ngapi mwezi uliopita?

2. Ni jambo gani moja ambalo watoto wetu wanakwama, na ambalo kurekodi sauti au kupiga picha kunaweza kusaidia?

3. Bodi ya shule imeandika kanuni gani kuhusu kifaa kinachoharibika kwa ajali?

4. Ni walimu gani wawili wako tayari kutembeleana madarasani muhula huu?

5. Je, wazazi wameelezwa kuhusu picha na rekodi za watoto wao, na wamekubali kwa maandishi?

6. Ni mtoto gani darasani ambaye hajawahi kukishika kishikwambi, na kwa nini?

Swali la sita ndilo la kuanza nalo. Likijibiwa kwa jina la mtoto, mwalimu atajua Jumatatu asubuhi amwite nani kwanza mlango wa stoo utakapofunguliwa.